Kifaransa cha Madamu Sufuria

Ipo Alhamisi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia masikio yakiwaka moto. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya meza ya mwalimu wetu wa Kifaransa, Mwalimu Severini, katika chuo kimoja pale Shinyanga mjini. Ilikuwa siku ya mtihani wa kuzungumza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nywele nimesuka vizuri, blauzi imepigwa pasi ikapigika, na kichwani nina majibu mia moja na ishirini. Ndiyo, mia moja na ishirini. Nilikuwa nimeyahesabu.

Mwalimu akaniuliza kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, asubuhi ile nimekula nini. Mwanangu, nilikuwa nimekula viazi kwa chai ya rangi, wala si jambo la siri. Lakini swali hilo halikuwamo katika yale mia moja na ishirini. Basi nikakaa wima, nikakaza macho ukutani, nikamjibu kwamba baba yangu ni mkulima, tuko watoto saba, na nyumba yetu ina madirisha manne.

Akauliza tena, polepole, huku akipeleka vidole mdomoni ili nielewe kwamba anazungumzia kula. Mimi nikamwongezea kwamba paka wetu ni mweupe. Hatukuwa na paka.

Cheka, mwanangu, nakuruhusu. Juzi uliponipigia simu kutoka chuoni ukaniambia, "Shangazi, Kifaransa hiki kitanirudisha Katoro," nilisikia sauti yako imekauka, nikajua hukuwa unatania. Ukasema unakesha na daftari, unakariri mpaka kurasa zinachakaa, lakini mwalimu akikugeukia darasani kinywa kinajifunga. Nilikujibu kwamba nitakuandikia, kwa sababu nilichotaka kukuambia hakitoshi kwenye simu, na pia kwa sababu sehemu yake nyingine naona haya kuisema kwa mdomo. Watu wananijua kama mwalimu aliyefundisha Kifaransa miaka mingi. Wachache wanajua kwamba lugha hiyo hiyo ilibaki kidogo tu inifukuzishe chuo, na wachache zaidi wanajua kilichotokea baadaye.

Nianze na babu yako, kwa kuwa bila yeye hutanielewa. Baba yangu alikuwa katekista kijijini kwetu, ndani ndani huko Ushirombo. Jumamosi mchana alitukalisha watoto kwenye mabenchi ya kanisa, akasoma swali, na sisi tukajibu kwa sauti moja huku yeye akigonga benchi kwa kijiti kutupa mwendo. Mtoto mmoja akidondosha neno, wote tulianza upya. Nyumbani tulizungumza Kisumbwa, Kiswahili chenyewe nilikuwa bado nakiokoteza shuleni, lakini maswali yote ya baba niliyajua na majibu yake kabla sijajua maana ya nusu yake. Padri alipokuja kutupima, baba aliniweka mbele. Nilijibu yote bila kupumua. Padri akanipa rozari, na baba akatembea kifua mbele wiki nzima.

Simlaumu baba. Njia ile ilikuwa nzuri kwa kazi yake, na sala zile ninazo mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, kwani niliondoka pale kanisani nikiamini kwamba kujua kitu chochote duniani ni kuwa na majibu yake kwa mpangilio bila kudondosha neno. Kwa hiyo Kifaransa kilipokuja, nikakitengenezea katekisimu yake. Nilinunua daftari kubwa, nikaandika maswali kwa namba na majibu yake, na kila alfajiri nilisimama bwenini nikiutazama ukuta, nikayasema yote. Mtihani wa kuandika nilikuwa wa kwanza kila mara. Nikavimba kichwa, mwanangu. Kilivimba kweli.

Katika darasa letu alikuwapo mwanamke mmoja aliyetuzidi wote umri, Mama Kulwa. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mama wa mapacha, mwenyeji wa Kagongwa. Kule alikuwa na banda la chakula kando ya barabara, mahali yanapoegeshwa malori yanayobeba mizigo kutoka Isaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Alikuwa amewapikia madereva hao miaka kumi. Ofisi moja ya mizigo pale Isaka ilimwona anavyoelewana nao, ikamwambia kiti cha ukarani kipo, alete cheti cha chuo tu. Basi akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu kwa taabu, akamwachia mdogo wake masufuria, akaja chuoni kukaa na sisi watoto.

Mama Kulwa alizungumza Kifaransa bila breki. Alikosea kila mahali, alichanganya wanaume na wanawake wa maneno, maana Kifaransa kila jina lina jinsia yake, akikwama alitumia mikono, na Mwalimu Severini alimwelewa mwanzo mpaka mwisho. Ila kuandika kulimshinda. Aliandika jinsi alivyosikia, na karatasi zake zilirudi zikiwa nyekundu tupu.

Unadhani mimi, binti wa katekista, nilifanya nini? Nilimcheka. Kila jioni bwenini nilifunga kanga kiunoni, nikashika mwiko wa kubuni, nikaiga Kifaransa chake, na wasichana wakaanguka vitandani kwa kicheko. Nilimtungia jina, Madamu Sufuria. Jina likaenea, na yeye mwenyewe akalisikia. Halafu nikaacha kumwamkia. Mtu aliyenizidi miaka zaidi ya kumi nilimpita asubuhi na "mambo vipi", nikijiambia kwamba chuoni wote ni wanafunzi.

Mwezi wa pili alinifuata nikiwa nimekaa nje ya bweni. Alileta karanga za kuchemsha zimefungwa kwenye karatasi, bado za moto. Akasema, "Skola, mdogo wangu, naomba unisaidie kuandika. Nusu saa tu kila siku tukitoka darasani. Na wewe ukitaka tupige stori kwa Kifaransa, mimi nipo."

Nilipokea zile karanga. Nikazila mbele yake. Nikamwambia sina muda.

Sasa unaelewa kwa nini haya siwezi kuyasema kwa simu.

Turudi kwenye ile Alhamisi ya paka mweupe. Matokeo yalibandikwa mwezi wa sita. Katika kuandika nilikuwa wa kwanza, katika kuzungumza nilifeli. Chini kidogo jina la Mama Kulwa: katika kuzungumza alikuwa wa kwanza, katika kuandika alifeli. Wote wawili tulikuwa na sapu, yaani tungerudia mtihani baada ya likizo ya wiki tano, na anayeshindwa sapu kwa chuo chetu alikuwa amedisko, anafunga begi anaondoka. Hakukuwa na mara ya tatu. Kwangu mimi kuondoka kulikuwa na maana moja. Baba alikuwa amewatangazia waumini wote, Jumapili, kwamba binti yake anasoma chuo mjini, na wengine walisimama wakapiga vigelegele. Nikirudi, angesimama mbele ya watu wale wale kila Jumapili ya maisha yake.

Nilimfuata Mwalimu Severini nikilia, nikamwahidi kwamba nitabaki bwenini likizo nzima nikisoma. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwembamba, mwenye maneno machache. Akaniambia, "Ukibaki hapa ukikariri utapata majibu mia mbili, na mimi nitakuuliza swali la mia mbili na moja. Nenda Kagongwa."

"Kwa nani, mwalimu?"

"Unamjua."

Siku mbili nilikaa na kiburi changu. Siku ya tatu nikapanda basi. Nilimkuta Mama Kulwa amesimama mbele ya jiko la kuni, anasonga ugali kwenye sufuria la kulisha watu thelathini, jasho linamtiririka. Nikasimama mlangoni na begi langu.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

Alinitazama kwa muda mrefu bila kuacha kusonga. "Marahaba," akasema. "Begi weka kule ndani. Unajua kuosha sahani?"

Tukapatana hivi: asubuhi mpaka saa tisa mimi nihudumie meza, na saa tisa mpaka jua linapozama nimfundishe kuandika. Kisha akatoka mbele ya madereva, akapiga makofi, akawatangazia, "Jamani, huyu binti ni mgeni. Kiswahili hajui hata neno. Mwongelesheni Kifaransa tu, ukimsikia anakuongelesha Kiswahili, usimjibu." Wale madereva Kiswahili walikijua vizuri, na walinisikia nikitoa shikamoo muda ule ule. Wakakubali kwa furaha kubwa. Watu wa safari ndefu hawaachi mchezo wa bure upite.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva mmoja mnene kutoka Bujumbura, mtu mzima, wakimwita Mzee Dodi. Akaniuliza kwa Kifaransa kama samaki yupo. Neno samaki nililijua, lilikuwa katika jibu la themanini na kitu. Nikasimama wima, nikamjibu jibu zima kama lilivyokuwa daftarini, kwamba samaki anaishi majini.

Banda lilipasuka. Mzee Dodi alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, halafu akanijibu kwa adabu zote, kwa Kifaransa, kwamba anashukuru kwa habari hiyo, lakini yeye anamtaka yule aliyekwisha kutoka majini. Wakacheka upya. Mpaka utingo wake, aliyekuwa nje akikagua matairi, aliingia kuuliza kuna nini, akasimuliwa, naye akacheka.

Nilitupa sinia juu ya meza, nikakimbilia nyuma kwenye kuni, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nikawaza basi la kurudi linapita saa ngapi. Mama Kulwa akaja, anafuta mikono kwenye kanga. Nilitegemea anibembeleze.

"Unalia nini?"

"Wamenicheka."

"Wamekucheka mara moja," akasema. "Mimi umenicheka mwaka mzima, na kila asubuhi nilikuja nikakaa kwenye dawati langu. Unafikiri sina haya? Ninazo. Nilikuwa nakihitaji kile Kifaransa kuliko nilivyozihitaji haya zangu." Akainama akachukua magogo mawili ya kuni. "Futa uso. Meza ya pili wanataka maji, na Mzee Dodi bado hajapata samaki wake."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakupandisha sauti. Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na mengine yalihubiriwa na baba yangu mwenyewe, lakini sijawahi kushikwa kama nilivyoshikwa pale kwenye kuni. Nilifuta uso. Nikapeleka maji meza ya pili.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, nisikudanganye. Niliita chumvi sukari. Nilimletea maharage mtu aliyetaka nyama, akayala kwa heshima. Lakini jambo moja lilianza kubadilika: sikuwa na nafasi ya kutafuta jibu namba ngapi. Mtu ana njaa, lori lake linaunguruma, anataka chakula chake. Nikaanza kusema nilichokuwa nacho, hivyo hivyo kilivyokuwa, kimepinda. Nikijua neno moja nasema hilo moja na mkono unamalizia. Nikajifunza kumwambia mtu, "Sijaelewa, sema tena polepole," maneno ambayo darasani sikuwahi kuyatamka hata mara moja, kwa kuwa niliyaona ni ya wajinga. Wale madereva wakawa wanasema tena. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Ukimwomba mtu aseme tena, anasema tena. Mwaka mzima nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuwapo.

Wakanirekebisha kwa utani, na kila kosa walilolicheka sikulirudia. Wiki ya nne, dereva mmoja wa Kigali aliagiza ugali, ulipofika akasema aliagiza wali. Nikamkatalia. Nikamwambia masikio yangu mazima, ugali ameuagiza yeye, saa hii wali haujaiva, na kama anautaka akae angoje kama wenzake. Aliponijibu nikamjibu. Kidogo kidogo nikaona banda limenyamaza, Mama Kulwa kashika mwiko hewani anatabasamu. Nilikuwa nimegombana kwa Kifaransa, ugomvi mzima, bila kuuandaa. Yule dereva akala ugali wake. Tangu siku hiyo sikuogopa tena.

Na saa tisa ikifika, tulipangusa meza ya pembeni, tukaweka kitabu. Kilikuwa na sura kumi na mbili. Hapo ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa mtupu, kwa sababu Mama Kulwa alikuwa mtu wa kuuliza "kwa nini". Mimi majibu ninayo, ya kwa nini sina. Ikabidi nisome kitabu upya usiku kabla sijalala, safari hii nikikielewa. Yeye aliandika polepole, ameibana kalamu kama mtu anayeogopa itamponyoka, ulimi umetoka pembeni. Alikuwa ameamka alfajiri kutafuta kuni na kupanga foleni ya maji, amesimama kwenye moto siku nzima, na mara kwa mara alisinzia juu ya daftari. Nilimwacha alale. Nilijiona nina huruma.

Wiki ya tatu tukiwa tunamenya viazi vitamu vya kukausha michembe pamoja, nilipiga moyo konde. "Mama Kulwa, naomba unisamehe. Kwa lile jina."

"Jina lipi?" akauliza, uso mkavu. Alitaka nilitamke.

"Madamu Sufuria."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka mabega yakatikisika. "Sufuria si tusi, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Sufuria ndilo limenilelea wale mapacha. Jina halikuniuma sana." Akamenya kiazi kingine, akakitupa kwenye ungo. "Kilichoniuma ni zile karanga. Ungeniambia huna muda, ukanirudishia, ningesema ni binti mwenye shughuli. Lakini ulizila zote, nikiwa nimesimama pale."

Nilibaki nimeinamia ungo mpaka akanionea huruma, akanituma maji.

Tulirudi chuoni tumefika sura ya tisa.

Mtihani wangu wa kuzungumza ulikuwa asubuhi. Mwalimu Severini alikuwa na mwalimu mwingine, mama mgeni ambaye sikuwahi kumwona. Mama yule akaniuliza kitu kwa haraka, sikukielewa. Nikamwambia, "Sijaelewa, tafadhali sema tena polepole." Nikaona Mwalimu Severini anaandika kitu kwenye karatasi yake kabla hata sijajibu swali. Mama yule alitaka kujua likizo nimeitumiaje. Nikawasimulia habari za banda, na Mzee Dodi, na samaki anayeishi majini. Nilikosea sana. Nilichanganya wanaume na wanawake wa maneno kama Mama Kulwa. Mama mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Nilipotoka nilikuwa najua nimefaulu.

Mama Kulwa alikuwa kwenye chumba cha mtihani wa kuandika mpaka mchana. Nilimngoja kwenye ngazi. Alipotoka alikuwa ametulia, anakunja kitambaa chake cha jasho.

"Vipi?"

"Lilikuja la barua," akasema. "Barua rasmi ya kuomba kazi. Ndiyo yenye maksi nyingi."

Barua rasmi ilikuwa sura ya kumi na moja.

Majina ya waliofaulu yalibandikwa baada ya wiki moja. Langu lilikuwapo. Nililisoma mara mbili, halafu nikashuka na kidole kutafuta la Mama Kulwa, nikapanda nalo, nikashuka tena. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa ameshaona kabla yangu. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Hongera, Skola. Baba yako atafurahi."

Nilimsindikiza stendi na begi lake. Nikaanza kulia, akanikemea, "Usinililie hapa, watu watafikiri nimekufa." Tukangoja basi la Kahama. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka alikoacha funguo, "Tulibakiza sura tatu tu."

Hakuwa ananilaumu, mwanangu. Afadhali angenilaumu. Basi lilipoondoka nilibaki stendi nikifanya hesabu ambayo nimekuwa nikiifanya maisha yangu yote. Nusu saa kila siku, tangu mwezi wa pili. Tungekimaliza kile kitabu tukakirudia. Nilimpa wiki tano za kile nilichokuwa nacho mwaka mzima, na hata hizo tano nilimpa kwa kuwa nilikuwa na shida yangu. Yeye alinifundisha mpaka nikafaulu. Mimi nilimfundisha mpaka sura ya tisa.

Kile kiti cha pale Isaka alipewa mtu mwingine. Mama Kulwa akarudi kwenye moto, akasomesha mapacha wake kwa ugali na wali, na mmoja wao leo anaendesha lori hadi Lubumbashi. Tumekuwa marafiki miaka yote hii. Nimemwomba msamaha mara nyingi mpaka akanikataza, akasema nikirudia tena atanifukuza nyumbani kwake. Najua amenisamehe. Najua pia kwamba msamaha wake haukumpa kiti. Umri wake mzuri aliumalizia kwenye moshi, na macho yake sasa yanamsumbua, na nikimsomea maandishi kwenye dawa zake najikaza nisilie kwa sababu hataki.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuambia.

Daftari lako lifunge kidogo. Silitukani, maneno lazima uyajue, na kukariri kuna mahali pake. Lakini lugha haiji kwa mtu anayengoja mpaka awe na jibu kamili. Fungua mdomo leo na hicho hicho ulichonacho. Ukikosea, kosea kwa sauti ili mtu akusikie na akurekebishe. Usipoelewa, sema hujaelewa. Watakucheka, ndiyo, na jioni watakuwa wamesahau, na wewe neno lile utakuwa nalo mpaka uzeeni. Hapo Katoro kwenu kila siku wanapita wafanyabiashara kutoka Kongo wanaokuja kununua bidhaa. Likizo hii kaa dukani kwa mama yako, uwaambie wakuongeleshe Kifaransa, na umkataze mama asikutafsirie. Utaumbuka wiki ya kwanza. Vumilia ya pili.

Hayo ni ya kufaulu, na kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeishia hapo. Wewe nakuongezea. Darasani kwenu yupo mtu mnayemcheka. Usiniambie hayupo, nimefundisha darasa kila mwaka na kila mwaka alikuwapo. Labda ni mtu mzima, labda lafudhi yake ni ya porini kama yetu, labda anaandika vibaya. Yeye anacho unachokikosa, na wewe unacho anachokikosa. Kesho ukaketi karibu naye. Usingoje likizo, usingoje uwe na shida, usingoje akuletee kitu mkononi. Na akisinzia juu ya daftari, mwamshe. Umpe maji anawe uso, muendelee.

Mungu wa babu yako akufungue kinywa, mwanangu. Akuondolee haya zisizo na kazi na akuachie zile zenye kazi. Akupe walimu wanaouliza swali usilolitegemea, na watu wa kukucheka bila kukuchukia. Na siku yatakapobandikwa majina, ulione lako, kisha ushushe kidole, ulikute na la mwenzako.